Ukarabati huku unaishi humo humo: mafundi, mama, ndugu wa grupu na usingizi umekata. Mnapona vipi?

MtotoWaReli

Wakuu salaam, na wa Tabora wenzangu mwangaluka hata kama ni usiku.

Naandika nimekalia ndoo ya rangi iliyogeuzwa maana viti vyote viko uani chini ya turubai, saa tano na nusu hii, watoto wamelala na mi usingizi sina. Ni mwezi wa pili tunakarabati nyumba ya marehemu mzee hapa Isevya na tunaishi humo humo, mimi, wanangu wawili, mdogo wangu wa kike na mama. Mzee alikuwa mtu wa reli, alijenga 1978 kwa tofali za kuchoma, na toka hapo nyumba haijaguswa zaidi ya fremu chache miaka ya tisini na kupigwa chokaa sikukuu zikikaribia. Mi mwenyewe kulikuwa na kamstari ka udongo kanapanda ukutani nyuma ya kabati, nakafuta na ufagio, kesho kamerudi, nafuta tena, kama mwaka mzima hivi najidanganya. Siku fundi alipopanda juu akaniita nipande nione, akabonyeza mbao ya kenchi na kidole gumba, kidole kikazama. Mchwa. Ndani udongo mtupu, mbao ilibaki ngozi ya nje tu.

Tukakubaliana ndugu wanne tuchange. Paa lote lishuke, sakafu ya vyumba viwili ivunjwe, choo kiingie ndani maana mama magoti yanamsumbua na usiku kutoka uani ni mtihani. Fundi akasema wiki tatu.

Sasa hivi bati ziko juu, tulimaliza siku tano kabla ya mvua, hapo namshukuru Mungu. Ila siling bado, plasta ya vyumba viwili bado, choo kina shimo na bomba limechungulia tu, na toka mvua ya kwanza inyeshe fundi mkuu hayupo, simu inaita haipokelewi. Tarehe 14 Desemba watu wa Kahama wanaleta mahari ya mdogo wangu. Na kuna mwembe juu ya nyumba, embe ndo zimeanza kuiva, zikidondoka usiku kwenye bati jipya lisilo na siling ni kama mtu kapiga risasi, mama anaruka kitandani anasema wezi.

Lakini wakuu, kilichonichosha sio vumbi na wala sio hela. Ni maswali. Kutwa naulizwa. Fundi: dada bawaba inchi ngapi. Kaka wa Mwanza kwenye grupu: tuma risiti. Mama: mnaipeleka wapi nyumba ya mume wangu. Mtoto: mama soksi ziko wapi. Na mi ni mwalimu, kule shule nako naulizwa. Juzi nililia hadiwea kwa sababu muuzaji aliniuliza misumari ya bati nataka ya kofia au ya kawaida. Misumari jamani. Yule kijana akanipa kiti na soda na hela ya soda hakutaka.

Mliopitia hii mlipona vipi?

KokotoNaMchanga

Fundi akikwambia wiki tatu ujue hajakwambia zinaanza lini 😂

Pole sana dada. Swali moja tu (samahani naongeza maswali), hela ya ufundi umeshampa kiasi gani?

MtotoWaReli

Theluthi mbili. Alisema mtoto wake anaumwa nikampa.

KokotoNaMchanga

Basi ndo hapo. Kazi imebaki nusu na hela imebaki theluthi, hana haraka na wewe. Mi siku hizi nagawa kwa hatua na naandika kwenye kaunta buku, kenchi na bati ikiisha hiki, plasta ikiisha hiki, na ya mwisho inakuwa nono maana ndo itakayomrudisha. Na hela ya ufundi mbali, hela ya vifaa mbali, vifaa nanunua mwenyewe. Mtoto akiumwa ntampa ya dawa kama binadamu lakini haiingii kwenye hesabu ya kazi.

FundiMwashi_Ipuli

Dada mimi ni fundi, niko hapa hapa mjini. Fundi wako hajakimbia. Mvua ya kwanza imenyesha, kaenda shamba. Nusu ya mafundi wa Tabora tuna mashamba Urambo, Sikonge, Kaliua huko, na mwezi wa 11 na wa 12 ndo wa kupandikiza miche ya tumbaku na kupanda mahindi, mvua haisubiri mtu. Anaona aibu kukwambia ndo maana hapokei. Mtumie meseji ya kistaarabu, muulize unarudi tarehe ngapi, usimuulize uko wapi. Atakujibu.

Kwa mwingine anayesoma, ukarabati wa paa huku anza mwezi wa 6, maliza wa 9. Kiangazi chote kipo, mafundi wapo wanatafuta kazi, tofali zimekauka. Ukianza wa 10 unashindana na mawingu na jembe kwa pamoja.

Mgebuka_Mbichi

Mwakeye wakuu, nipo Kigoma, Kibirizi. Huku kwetu shamba sio sana, huku ni ziwa. Nilikuwa na saidia fundi wawili wazuri kweli kweli, wiki moja wanabeba zege kama punda, wiki inayofuata hakuna mtu, nikadhani naibiwa. Mzee mmoja akaniambia we mgeni angalia mwezi. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawasogei kwenye taa, vijana wako nchi kavu wanatafuta vibarua. Giza likiingia wote wanarudi kwenye mitumbwi. Nikaanza kupanga zege kwa kutazama angani, nakwambia stresi iliisha nusu. Kazi ilikuwa inachelewa vile vile ila nilikuwa najua kwa nini.

Nesi_wa_Zamu

Mgebuka hapo kwenye kujua kwa nini umegusa penyewe. Mwili wa mtu unavumilia shida inayojulikana kuliko shida isiyo na tarehe.

Dada MtotoWaReli, nakuongelesha kama nesi lakini pia kama mtu aliyewahi kujenga choo. Kuna madaktari wa akili wawili Wamarekani, Holmes na Rahe, mwaka 1967 walitoa orodha ya matukio 43 ya maisha, kila moja lina pointi kulingana na linavyomlazimisha mtu ajipange upya. Kufiwa na mwenzi 100, kufunga ndoa 50, hali ya makazi kubadilika 25, na Krismasi nayo imo ina 12. Wazo lao ni kwamba pointi zinajumlishana, hata za mambo ya heri. Kwa hiyo kulia kwa ajili ya msumari sio uchizi, msumari ulikuwa wa mwisho tu kwenye mzigo.

La usingizi. Kabla hujapanda kitandani chukua dakika tano andika yote ambayo kesho yanatakiwa, moja moja, usiandike uliyofanya leo, andika yaliyobaki. Hii ilipimwa Chuo Kikuu cha Baylor, Marekani, majibu yakatoka 2018, vijana 57 walilazwa maabara, walioandika ya kesho walipata usingizi haraka kuliko walioandika waliyomaliza, kama dakika tisa hivi. Sio nyingi, ila wewe unayehesabu embe usiku dakika tisa ni mali. Na ukihisi kifua kimebana, vuta pumzi kawaida halafu itoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, mara kadhaa, mapigo yanashuka. Mama naye mpeleke apimwe presha, mtu mzima kushtuka kila usiku sio jambo la kuchekea.

Kofia_ya_Bati

Kwa hiyo makazi 25, Krismasi 12... mahari haimo kwenye orodha? Wazungu hawajui kitu 😂😂 mahari peke yake ingekuwa 60, tena upande wa kupokea.

Mtaalam_wa_Kijiweni

Mi ntasema ukweli mtanichukia. Saiti inataka mwanaume. Fundi akiona mwanamke anasimamia anajiachia. Tafuta shemeji au kaka asimame hapo utaona kazi inaenda.

MamaLishe_Gongoni

Weee. Nyumba yetu ilisimamiwa na mwanaume, tena ana ndevu na sauti nzito, kakaa mbele kwenye kiti anasoma gazeti, saruji mifuko sita ikatokea mlango wa nyuma. Mi ndo niliyeigundua maana nilikuwa nahesabu mifuko mitupu jioni. Mifuko mitupu baba, ndo inayosema ukweli. Mfuko ukitumika lazima ganda libaki. Dada usitafute shemeji, hesabu maganda.

Mtaalam_wa_Kijiweni

Sawa mama yaishe 🙏

Sakafu_Nyekundu

Mi nataka kuchangia hapo kwenye kuishi humo humo maana watu wanaruka. Mlihama chumba kwa chumba au wote mmetapanyika? Kwetu tulifanya kosa la kuvunja kila mahali kwa wakati mmoja, ikawa hakuna sehemu ya kukaa bila kuona kifusi. Mara ya pili tukaacha chumba kimoja hakiguswi mpaka mwisho. Kitanda, meza, maji ya kunywa, chaja za simu, sare za shule, vyote humo. Mlangoni tukaning'iniza nailoni nzito mara mbili, zimepishana, na kitambaa chenye maji chini ya mlango. Sheria moja tu, humo hakuna kuongelea ujenzi. Mume wangu akianza tu "hivi zile kokoto" anatolewa nje kama mlevi.

MtotoWaReli

Hiyo ya chumba mi sina, vumbi liko mpaka kwenye chumvi. Ila nasafisha stoo kesho, ina dirisha dogo na haina kazi yoyote ya kufanywa.

Nesi nimeandika usiku wa jana. Yalikuwa mambo 31. Nilipoyaona kwenye karatasi nikaona 19 sio yangu, ni ya watu wengine wamenikabidhi tu. Nimelala saa sita kasoro.

FundiMwashi nimemtumia meseji kama ulivyosema, "habari za shamba, unarudi tarehe ngapi nipange chakula cha mafundi". Kajibu ndani ya nusu saa!! Yuko Urambo, eka mbili za tumbaku, kasema Jumatatu ya wiki ijayo na kaomba msamaha. Sikuamini. Nilishampigia kama mara 40.

FundiMwashi_Ipuli

Mara 40 hata mimi nisingepokea dada 😅

Ngoja niseme na upande wetu kidogo, sio kwamba mafundi ni malaika, tupo waongo na nawajua kwa majina. Lakini mteja naye ana yake. Anakuita kazini asubuhi, ukifika mchanga hakuna, saruji mfuko mmoja, anakwambia anza anza kwanza hela inakuja. Unakaa unatazama ukuta mpaka saa nane. Kesho unapata kazi Kiloleni unaenda, maana nyumbani wanakula kila siku, wewe unaitwa tapeli. Mwingine lenta imeshafungwa ndo anakuja na simu anakuonyesha picha ya dirisha la Dar, anataka lile. Unavunja, halipi ya kuvunja. Mwingine katika familia kuna mabosi watano, baba anasema choo kule, mama anasema huku, kijana wa chuo kapiga simu anasema piga picha kwanza. Fundi anamsikiliza nani? Anachagua amri nyepesi.

Kitu kilichonifanya mimi nimpende mteja mmoja, alikuwa na muda wake. Saa moja asubuhi tunakutana robo saa, tunaulizana yote ya siku hiyo, anaandika, anaondoka. Kama kuna swali jipya nasubiri kesho au nafanya kazi nyingine. Hakuna simu. Nyumba yake iliisha mapema na chai ya saa nne haikuwahi kukosa, chapati mbili.

MtotoWaReli

Hiyo robo saa naiiba. Kabisa. Na kwenye grupu la ndugu pia naiiba.

Kaka_wa_Diaspora_ya_Mwanza

Nimecheka maana mimi ndo yule kaka wa risiti kwenye familia yetu (sio kaka yake huyu dada jamani msinishambulie). Niseme kwa nini tunauliza risiti. Ukiwa mbali umetuma hela, huoni chochote. Unaona tu meseji "zimeisha". Sio kwamba humwamini dada yako, unakuwa na hofu na huna pa kuishika. Dada yangu alinikomesha vizuri, alisema kila Jumapili saa mbili usiku natuma picha tano na karatasi moja ya hesabu, kati ya wiki sijibu. Mwanzo nilinuna. Wiki ya tatu nikawa naisubiri ile Jumapili kama mechi.

Babu_Kwihara

Binti yangu, nimesoma yote. Umeandika habari za mafundi mistari mingi na habari za mama mstari mmoja. Mama yako hana ugomvi na bati. Kila siku akiamka kuna kitu anakijua kimetupwa uani na hakuna aliyemuuliza. Hapo alipikia, hapo mzee alikaa, leo kifusi. Chukua asubuhi moja, mshike mkono, mtembeze chumba kwa chumba, usimweleze ramani. Muulize kitu kimoja tu, kipi hapa kisiguswe. Akisema, tekeleza hata kama ni cha ajabu.

MtotoWaReli

Shikamoo mzee wangu. Nimesoma hii nikaona aibu. Nitafanya Jumamosi.

Grainda_Moto

Samahani naingilia kidogo, nami nakarabati nyumba ya zamani, iko kwenye eneo la nyumba za kazi za zamani, paa lake ni yale mabati ya kijivu mazito kama saruji, fundi kaja na grainda anataka kuyakata vipande ili yashuke kirahisi. Ni sawa?

Nesi_wa_Zamu

SIMAMISHA KAZI. Hayo huenda ni asbesto. Yakiwa mazima yametulia hatari ni ndogo, ila ukikata na grainda vumbi lake ni nyuzi ndogo sana hazionekani, zikiingia kwenye mapafu hazitoki, na ugonjwa unaweza kuja baada ya miaka 20, 30 wakati umeshasahau hata hiyo nyumba. Usikate, usitoboe, usivunje, usifagie makavu. Uliza ofisi ya mazingira ya halmashauri au OSHA, wale wakala wa usalama kazini, wakuelekeze nani ayashushe na yatupwe wapi, hayatupwi jalalani na hayafanywi banda la kuku. Watoto wasiwepo.

Na wote mnaokwangua kuta, rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na risasi, ile madini, sio ya bunduki. Msikwangue makavu na msasa huku mtoto anatambaa pembeni. Lowesha kwanza, kwangua mbichi, okota, deki.

Grainda_Moto

Nimemsimamisha. Kanuna. Asante sana nesi.

Mgebuka_Mbichi

Fundi kununa ni kawaida, mapafu hayanunuliwi mara mbili.

Kofia_ya_Bati

MtotoWaReli na hao mchwa mmewafanyaje? Maana ukibadilisha mbao bila kuwamaliza ni kuwapelekea chakula kipya.

MtotoWaReli

Tulipovunja sakafu tulikuta njia zao zinatoka chini kabisa ya msingi upande wa bafu la zamani, ambako bomba lilikuwa linavuja toka enzi. Fundi akasema wanafuata unyevu. Kwa hiyo kwanza bomba, halafu dawa kwenye udongo wote kabla ya jamvi jipya na kuzunguka msingi kwa nje, halafu nailoni, halafu zege. Mbao za kenchi tumechukua zilizotiwa dawa kiwandani, zile za kijani kijani. Kuna fundi alitaka tupake oili chafu tu, watu wengi wanafanya hivyo, ila ile inakaa juu juu haiingii ndani, mbao ikipasuka kidogo mchwa wanapita katikati.

Sakafu_Nyekundu

Na zege hilo mlimwagilia? Watu wanamaliza sakafu leo, kesho wanapanga makabati.

MtotoWaReli

Siku saba asubuhi na jioni, kazi ya watoto hiyo, waliipenda kuliko kazi zote. Ndo kazi pekee kwenye nyumba hii ambayo hakuna aliyeniuliza swali lolote.

MtotoWaReli

Wakuu narudi na mrejesho, leo ni Jumapili.

Nimefanya kama mzee wa Kwihara alivyosema. Jana asubuhi nimemshika mama mkono tukaanzia barazani. Nilidhani atasema kabati, au ukuta wa picha. Kapita hapo kote kimya. Tukafika uani kwenye rundo la kuni akasimama, akanionyesha fremu ya mlango wa chumba chao. Fundi alikuwa ameing'oa na kuitupa kwenye kuni maana imejaa moshi, nyeusi tii, na tulishanunua fremu mpya. Mama akasema hiyo. Ni mninga, mzee aliileta kwa behewa kutoka Kaliua, na ina msumari mmoja upande wa kulia aliokuwa anatundikia kofia ya kazi. Nikaiangalia vizuri. Nyumba nzima mchwa wamekula, fremu zile za mpaina tulizobadilisha miaka ya tisini zimekuwa unga, hiyo hata jino moja hakuna.

Nikamwita kijana seremala. Akapitisha randa mara mbili tu, ule weusi ukakunjuka kama ganda, ndani ikatoka rangi ya asali ile inayobaki chini ya chupa. Alipofika kwenye msumari akataka kuutoa asije akaharibu kisu cha randa. Mama akasema uache. Kijana akarandia pande zote, pale kwenye msumari pamebaki kiduara cheusi. Mama kakaa kwenye kigoda muda wote anasimamia, na akampa kijana ugali na kisamvu kwa mkono wake mwenyewe, yeye ambaye miezi miwili hajamsalimia fundi hata mmoja.

Jana usiku embe zimedondoka tatu. Hajaamka. Mi ndo nimeamka 😂

Robo saa ya asubuhi imeanza, na Jumapili ya picha tano imeanza. Kaka kauliza risiti Jumatano, nikamjibu "Jumapili". Akaweka dole gumba.

MamaLishe_Gongoni

Jamani huo msumari. Nimetoka machozi jikoni wateja wananiangalia.

Babu_Kwihara

Vyema binti.

Mtaalam_wa_Kijiweni

Na siling? Tarehe 14 si ndo hiyo inakuja?

MtotoWaReli

Fundi karudi Jumatatu kweli, na kilo moja ya asali kama faini. Tumekaa robo saa tukakubaliana, kabla ya tarehe 14 tunamaliza choo, plasta ya sebule na siling ya chumba cha mama. Basi. Sebule haipakwi rangi. Nilikuwa nimekazania rangi, yeye na nesi na nyie wote mtanisema, plasta mbichi inataka kama wiki nne ikauke ndo rangi ya mafuta ishike, ningepaka sasa hivi Februari ningekuwa nakwangua maganda. Kwa hiyo wageni watakuta ukuta wa saruji. Mdogo wangu kasema yeye ndo anaolewa, sio ukuta.

KokotoNaMchanga

Tarehe 15 leo. Tupe habari, mahari imekuwaje?

MtotoWaReli

Imepita! Tulikaa chini ya mwembe, mikeka na viti vya kuazima kanisani. Mshenga wa Kahama kasimama anaanza maneno yake mazito, embe likadondoka kwenye bati PAAA, wazee wa upande wao wakainama wote kwa pamoja. Mshenga akasubiri kidogo akasema basi hapa ng'ombe mmoja apunguzwe, ni fidia ya mshtuko. Walicheka mpaka mama mkubwa akatoka nje kupumua. Ng'ombe hakupunguzwa lakini.

Bibi mmoja wa upande wao aliomba choo, mama akampeleka mwenyewe, wakakaa huko dakika kama ishirini, nadhani alikuwa anamwonyesha bomba.

Bado kuna siling ya vyumba vitatu, milango miwili na rangi. Presha ya mama imepimwa, amepewa dawa. Stoo bado ni chumba chetu, tumeizoea, watoto hawataki kuhama.

Kofia_ya_Bati

Hongera sana. Dada huyo fundi wako mwishoni unamsifia, nina kenchi nataka kubadilisha huku Cheyo, namba yake naweza kuipata?

MtotoWaReli

Nakutumia pembeni. Ila usimpigie mchana hapokei, yuko Urambo tena anapalilia. Piga saa moja jioni, ndo anapanda juu ya kichuguu mtandao unashika.